Tukimbie kwa Mwendo wa Kuimba

Siku hizi si ajabu tena kumwona mama wa watoto watatu au wanne akiwa barabarani alfajiri, amevaa viatu vya mazoezi na fulana, anakimbia. Zamani majirani wangetoka nje kuuliza kama nyumbani kwake kuna msiba. Leo wanamsalimu na kumpisha. Mmoja ameshauriwa na daktari kwa sababu ya shinikizo la damu. Mwingine anaogopa kisukari kilichomwondoa mama yake mzazi. Wa tatu anatafuta tu nusu saa ya kuwa mbali na sufuria, madaftari ya watoto na simu za ndugu.

Jambo hili linatufurahisha sana. Lakini liko na la kusikitisha pia. Jumatatu ya kwanza wanaanza akina mama kumi. Jumatatu ya tatu wamebaki wawili. Ukiwauliza wale wanane, jibu ni lile lile: "Mbio si za mwili wangu." Sisi tunaohudumia wagonjwa, na jioni kukutana na akina mama kanisani, tumelisikia jibu hilo mara nyingi, na kila mara tunajibu hivi: Mama, si kwamba huwezi kukimbia. Unakimbia haraka mno.

Tukumbuke mchakamchaka

Wengi wetu tuliosoma shule ya msingi tuliujua mchakamchaka. Asubuhi, kabla ya kuingia darasani, tulikimbia kwa mistari huku mmoja akianzisha wimbo na wengine wakiitikia. Tulizunguka mbali, na hakuna aliyesema amechoka. Kwa nini? Kwa sababu mwendo ule ulikuwa wa wimbo. Anayekimbia kwa kasi kupita kiasi hawezi kuitikia, na kiongozi mzuri aliposikia sauti zinafifia alipunguza hatua mpaka kiitikio kirudi.

Kipimo hicho cha watoto wa shule ndicho wataalamu wa mazoezi wanachokitumia hadi leo. Wanakiita kipimo cha mazungumzo. Ukiwa unakimbia na unaweza kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi, mwendo wako ni mzuri. Ukiweza kusema maneno mawili matatu tu, umezidisha. Ukikimbia peke yako, jaribu kusali kwa sauti ya chini au kuimba ubeti wa wimbo unaoupenda. Ubeti ukikukatikia katikati, punguza.

Mwilini kuna nini?

Unapokimbia polepole, moyo na mapafu vinaweza kupeleka oksijeni ya kutosha kwenye misuli. Misuli hutumia sukari na mafuta ya mwili kwa utulivu, nawe unaweza kuendelea kwa muda mrefu. Unapokimbia kwa kasi isiyo ya kwako, misuli inadai nguvu haraka kuliko oksijeni inavyofika. Hapo inachoma sukari kwa pupa, pumzi inapaa, miguu inakuwa mizito kama imefungwa mawe, na moyo unapiga kama ngoma. Mama mgeni wa mbio anaona hayo dakika ya tatu na kudhani ndiyo hali ya kukimbia. La, hiyo ni hali ya kukimbia kupita uwezo wa siku ile.

Tena iko siri nyingine ambayo wengi hawaijui. Pumzi hujengeka upesi kuliko mifupa. Baada ya wiki chache tu za mazoezi, moyo na mapafu vinakuwa na nafuu, nawe unajisikia mwepesi. Lakini mishipa inayounganisha misuli na mifupa, pamoja na mifupa yenyewe, huhitaji miezi kuzoea kishindo cha kila hatua. Ndiyo maana mama anayejisikia vizuri wiki ya nne na kuongeza mbio maradufu, wiki ya sita anakuja zahanati akichechemea, anashika muundi au goti. Mwendo wa pole, na kuongeza kidogo kidogo, unaipa mifupa nafasi ya kuifikia pumzi.

Mzee aliyemsubiri kocha

Mtu asidhani haya ni mawazo ya wazembe. Huko New Zealand alikuwako kocha aitwaye Arthur Lydiard, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha viatu. Wanafunzi wake wawili, Peter Snell na Murray Halberg, walipata medali za dhahabu siku moja katika Olimpiki ya Roma mwaka 1960. Msingi wa mafunzo yake ulikuwa mbio ndefu zisizo za kumkamua mtu. Baadaye akawafundisha vivyo hivyo watu wa kawaida wa mji wa Auckland, wakiwamo wazee na watu waliowahi kuugua moyo: wakimbie pole, wakizungumza.

Mwishoni mwa mwaka 1962 kocha wa Marekani, Bill Bowerman, alimtembelea Lydiard na kualikwa kukimbia na kikundi hicho. Haikupita muda yeye, mwalimu wa wanariadha, akaishiwa pumzi. Aliyebaki nyuma kumsindikiza alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 70 aliyewahi kushikwa na ugonjwa wa moyo. Bowerman aliporudi nyumbani alianzisha mazoezi ya namna hiyo kwa majirani zake, na mwaka 1967 akatoa kitabu kuhusu mbio za pole pamoja na daktari wa moyo, W. E. Harris. Kitabu hicho kiliwatoa Wamarekani wengi majumbani mwao kwenda kukimbia kwa ajili ya afya.

Na nyumbani kwetu je? Mwaka 1990, katika mbio za Boston, Mtanzania wetu Juma Ikangaa, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa ameshinda New York, alimaliza nusu ya kwanza kwa saa 1 na dakika 2 tu. Barabara ile huanza kwa mteremko, na vilima huja baadaye. Gelindo Bordin wa Italia, aliyeanza kwa utulivu zaidi, alimpita na kushinda. Ikangaa akawa wa pili. Miaka 35 baadaye, tarehe 15 Septemba 2025 huko Tokyo, Alphonce Simbu alikaa na wenzake kwa subira mpaka mwisho kabisa, kisha akampita Mjerumani Amanal Petros kwenye mstari wenyewe. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya riadha ya dunia. Hao ni mashujaa, nasi hatukimbilii medali. Lakini ikiwa mashujaa wanahitaji kutunza nguvu, sembuse sisi tulioamka saa kumi kufunga mtoto nepi?

Ratiba ya wiki kumi

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima apate kwa wiki dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani, kama kutembea haraka, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi mazito zaidi. Kutembea na kukimbia kwa kuchanganya, siku tatu kwa wiki, kutakufikisha huko bila kuumia. Pumzika angalau siku moja kati ya siku za mbio. Kila mara anza kwa kutembea dakika 5 na umalize kwa kutembea dakika 5. Katikati fanya hivi:

Wiki ya 1 na 2: kimbia dakika 1, tembea dakika 2, rudia mara 7.

Wiki ya 3 na 4: kimbia dakika 2, tembea dakika 2, rudia mara 5.

Wiki ya 5 na 6: kimbia dakika 3, tembea dakika 1, rudia mara 5.

Wiki ya 7 na 8: kimbia dakika 5, tembea dakika 1, rudia mara 4.

Wiki ya 9 na 10: kimbia dakika 10, tembea dakika 1, kisha kimbia tena dakika 10.

Wiki ikikushinda, irudie. Mtoto akiugua ukakosa siku tatu, usizilipe kwa kukimbia mara mbili siku ya nne; endelea pale ulipoachia. Tunamjua mama mmoja aliyekaa kwenye wiki ya tatu kwa mwezi mzima kwa sababu ya uzito wa mwili. Wenzake walimcheka kidogo. Leo anakimbia nusu saa bila kusimama, na baadhi ya waliomcheka waliacha zamani.

Kumbuka pia kwamba mwendo mzuri si ule ule kila siku. Penye joto na unyevunyevu kama Dar es Salaam au Tanga, moyo hufanya kazi mara mbili: kuendesha misuli na kuupoza mwili. Toka mapema na upunguze kasi. Ukitoka pwani kwenda Mbeya, iliyo juu ya bahari kwa meta kama 1,700, hewa ni nyepesi, punguza. Penye kilima fupisha hatua, au tembea bila aibu. Siku za hedhi nzito, na usiku usipolala, mwili utakuambia. Usikilize.

Kwa mama aliyejifungua

Hapa tuseme wazi, maana wengi huona haya. Ukijifungua, misuli inayoshikilia kibofu na mfuko wa uzazi huwa imelegea. Ukikimbia mapema unaweza kuona mkojo ukivuja, au kuhisi uzito kama kitu kinataka kushuka. Wataalamu wa mazoezi-tiba wa Uingereza walishauri mwaka 2019 mama asirudi kwenye mbio kabla ya wiki 12 tangu ajifungue, na hata hapo awe hana dalili hizo. Aliyefanyiwa upasuaji huenda akahitaji muda zaidi. Kabla ya hapo tembea, na fanya zoezi la kubana ile misuli unayoitumia kuzuia mkojo: bana, hesabu mpaka tano, achia, rudia mara kumi, mara tatu kwa siku. Na kuvuja mkojo si lazima uvumilie kama sehemu ya uzazi. Mwambie muuguzi, kuna msaada.

Aliye na shinikizo la damu, kisukari, ugonjwa wa moyo au mimba apimwe kwanza kabla ya kuanza. Na yeyote akisikia maumivu au kubanwa kifua, kizunguzungu, au pumzi isiyorudi baada ya kusimama, aache mara moja na kwenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Mwendo wa aliye nyuma

Kukimbia na wenzako kuna usalama na furaha. Chagueni barabara yenye watu, kimbieni kukiwa na mwanga, upande unaokabili magari. Sidiria imara na viatu visivyobana ni muhimu kuliko nguo ya fahari. Zungumza na mume wako mapema ili ajue unatoka saa ngapi na ni nani atawaamsha watoto. Wako waume walionuna mwanzoni ambao sasa ndio wanaowahimiza wake zao, na wengine wamenunua viatu vyao.

Lakini kikundi kina hatari yake: mashindano ya kimyakimya. Mama wa mbele anaongeza kidogo, wa pili hataki kuachwa, na wa mwisho anarudi nyumbani akiwa na aibu. Huyo hamtamwona tena, na pengine ndiye mwenye shinikizo la damu, aliyeyahitaji mazoezi kuliko wote. Tunashauri sheria moja: mwendo wa kikundi uwe mwendo wa mama aliye nyuma. Mwenye nguvu zaidi azunguke na kurudi kumfuata. Anayetaka kasi achague siku yake nyingine.

Mtume Paulo alipomwandikia Timotheo hakuyadharau mazoezi ya mwili. Alikiri kwamba yana faida yake, ila akauweka utauwa juu yake. Na Waraka kwa Waebrania unapofananisha maisha ya imani na mbio, sifa unayotutaka tuwe nayo ni saburi. Kasi haikutajwa. Mama anayejifunza kutoona haya kwa kwenda polepole barabarani anajifunza pia kutojilinganisha na jirani kwa nyumba, kwa watoto au kwa nguo za sikukuu.

Basi kesho alfajiri, mpendwa, funga kamba za viatu. Tembea dakika tano, kisha anza kukimbia kwa mwendo ambao utakuacha na sauti ya kumsalimu kila unayekutana naye. Ukirudi nyumbani ukiwa na hamu ya kutoka tena keshokutwa, jua umekimbia vizuri. Bwana awape afya njema.