Vampaya au Mumiani? Lugha ya Watazamaji katika Kuuhukumu Mwendelezo wa Filamu ya Blade

IKISIRI

Makala hii inachunguza namna watazamaji wanaotumia Kiswahili wanavyotoa maoni kuhusu Blade II (2002), filamu ya mapigano yenye wahusika wanyonya damu. Inadaiwa kwamba maoni hayo hujengwa juu ya mizani miwili, mizani ya hadithi na mizani ya uwezekano, na kwamba jina analopewa mhusika ndilo linaloamua ni mizani gani itakayotumika. Makala inahitimisha kwa kupendekeza kwamba neno la mkopo *vampaya* libakizwe kwa ajili ya filamu, na *mumiani* na *mnyonya damu* yasitumiwe kama visawe vyake.

1.0 Utangulizi

Mhusika Blade alionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1973 katika hadithi za picha za Marekani zilizochapishwa na kampuni ya Marvel. Filamu ya kwanza, iliyoongozwa na Stephen Norrington, ilitolewa mwaka 1998. Mwendelezo wake, ulioongozwa na Guillermo del Toro, ulifuata mwaka 2002. Katika zote mbili Wesley Snipes anaigiza mtu ambaye mama yake aliumwa na vampaya alipokuwa mjamzito, naye akazaliwa akiwa na nguvu za vampaya lakini bila kudhurika na jua. Filamu ya kwanza iliingiza takriban dola milioni 131 duniani, na ya pili takriban dola milioni 155.

Pamoja na mafanikio hayo ya kibiashara, maoni kuhusu mwendelezo yaligawanyika. Waliousifu walitaja ubunifu wa Wavunaji, yaani vampaya wa aina mpya ambao taya lao la chini hupasuka na kufunguka kama ua. Walioukosoa walisema kwamba baadhi ya mapigano yalichorwa kwa kompyuta kiasi cha miili kupoteza uzito wake, na kwamba hadithi ilimezwa na ngumi.

Makala hii haikusudii kuamua kati ya makundi hayo. Shabaha yake ni ya kiisimu: kuonyesha ni nini kinachotokea maoni ya namna hiyo yanapotolewa kwa Kiswahili, lugha ambayo tayari ina msamiati wake wa unyonyaji damu, tena msamiati wenye historia nzito. Mahali pa kuanzia ni Mtendeni, kata ya mji wa Tabora. Sentensi za mfano zimetungwa ili kuonyesha aina za hukumu. Hazikunukuliwa kutoka kwa mtu yeyote.

2.0 Mtendeni na safari ya maneno

Jina *Mtendeni* limeundwa kwa nomino *mtende* na kiambishi cha mahali *-ni*. Mahali penye jina hilo papo pia Mji Mkongwe wa Zanzibar na katikati ya Dar es Salaam. Si ajabu. Katika karne ya 19 Tabora, iliyoitwa pia Kazeh, ilikuwa kituo kikuu cha misafara iliyotoka pwani ya Bagamoyo kuelekea Ujiji. Burton na Speke waliifikia mwaka 1857. Stanley aliikuta mwaka 1871 ikiwa katika vita vya Mirambo. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu kwenda pwani na kurudi na nguo, shanga na maneno. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikafuata kwa sehemu kubwa mkondo uleule.

Kwa hiyo, mkazi wa Mtendeni anaposikia neno geni, analipokea katika mji uliozoea kupokea maneno mageni. Swali si kama neno *vampaya* laweza kufika Tabora, bali litakuta nini limekwisha kukaa pale.

3.0 Mizani miwili ya hukumu

3.1 Mizani ya hadithi

Katika vibanda vya video vya miji ya Tanzania ilizuka istilahi isiyotungwa na baraza lolote. Filamu huitwa *picha*. Mhusika mkuu huitwa *steringi*. Mpinzani wake ni *adui*. Na filamu inayosisimua ni *picha kali*. Istilahi hiyo ina kanuni yake inayojulikana na kila mtoto: steringi hafi. Tazama mifano ifuatayo:

(1) Ya pili imezidi kwa ngumi, lakini ya kwanza ina hadithi.
(2) Yule mzee si alikufa katika ya kwanza? Mbona amerudi?
(3) Adui wa ya pili ni mkali kuliko steringi.

Sentensi ya (2) inastahili kuangaliwa zaidi. Inamhusu Whistler, mlezi wa Blade, aliyeigizwa na Kris Kristofferson. Katika filamu ya kwanza anaumwa na vampaya, anaachiwa bastola, na mlio wa risasi unasikika bila kifo chenyewe kuonyeshwa. Katika mwendelezo anakutwa hai. Mtazamaji anayelalamika hapingi kufufuka kwa mtu katika hadithi ya vampaya; anapinga kuvunjwa kwa ahadi. Kanuni inamlinda steringi peke yake, na msaidizi aliyekufa hana budi kukaa kaburini. Hukumu hii ni ya kifasihi kikamilifu, na haitofautiani kimsingi na ile ambayo wasikilizaji wa ngano humpa mtambaji anayesahau alichosema jana.

3.2 Mizani ya uwezekano

Mizani ya pili haiulizi kama hadithi imesimama, bali kama jambo lenyewe lipo:

(4) Vampaya hufa akipigwa na jua.
(5) Mumiani hutumia sindano.

Kisarufi sentensi hizi mbili zinafanana. Zote zinatumia kiambishi *hu-*, ambacho katika Kiswahili hubeba dhana ya mazoea na kanuni ya jumla. Hata hivyo, (4) ni kanuni ya ulimwengu wa filamu, ilhali (5), kwa msemaji anayeamini, ni kanuni ya ulimwengu anaoishi. Kitenzi hakionyeshi tofauti hiyo. Msemaji aweza kuongeza *kwenye picha*, lakini halazimiki kufanya hivyo, na katika mazungumzo ya kawaida haongezi. Katika (4) na (5), basi, kinachomwambia msikilizaji yumo ulimwengu gani ni nomino. Hapa ndipo uteuzi wa jina la mhusika unapokuwa jambo zito.

4.0 Historia ya *mumiani*

*Mumiani* latokana na neno la Kiajemi *mumiyai*, lenye asili ya *mum*, yaani nta. Ni shina lilelile lililozaa neno *mumia*, maiti iliyohifadhiwa kwa namna ya Misri ya kale. Na itakumbukwa kwamba wauza dawa wa Ulaya waliuza unga wa mumia kama dawa mpaka karne ya 18. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inaeleza mumiani kwanza kama kitu cheusi mfano wa ulimbo, kinachotumika kutibu mifupa iliyovunjika na maradhi mengine, na kusemwa kuwa chatoka Uajemi. Kisha inaongeza kwamba watu wengi waliamini kuwa kitu hicho ni damu ya binadamu iliyoganda, na kwamba uvumi wa mumiani ulipozuka, wenyeji wa mji walijifungia majumbani baada ya jua kutua.

Maana ilihama, basi, kutoka dawa hadi damu, na kutoka damu hadi mtu anayeitafuta. Hatua hii ya mwisho ilibadilisha pia upatanisho: *mumiani imeletwa* ikawa *mumiani amekuja*. Wakati wa ukoloni yalizuka majina mengine ya dhana hiyohiyo: *wazimamoto* huko Nairobi na Kampala, *banyama* huko Rhodesia ya Kaskazini, *chinjachinja* kwingineko. Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000, ameonyesha kwamba visa hivyo vilihusu kazi, sare, magari na ndoo, si wafu wanaotoka makaburini.

Tofauti ya kimsingi imejitokeza hapo. Vampaya wa Ulaya, ambaye jina lake lilienea katika lugha za magharibi baada ya taarifa kutoka Serbia katika miaka ya 1720 na 1730, ni maiti yenye njaa: hunyonya ili adumu. Mumiani ni mtu hai mwenye mwajiri: hachukui damu kwa ajili yake, bali huipeleka mahali. Wa kwanza ni kiumbe, wa pili ni mtumishi.

5.0 Mwendelezo unavyomkaribia mumiani

Tofauti hiyo yasaidia kueleza kwa nini mwendelezo unaelekea kuamsha mizani ya uwezekano kuliko filamu ya kwanza. Ni kweli kwamba hata filamu ya kwanza ina mfanano wa kushangaza: karibu na mwanzo wake damu inanyesha juu ya wachezaji dansi kutoka katika mabomba ya kuzimia moto yaliyo darini. Msikilizaji wa visa vya wazimamoto hahitaji maelezo. Lakini hiyo ni karamu tu. Wanyonyaji wanafurahia damu yao wenyewe.

Blade II inaanzia kwingine. Nomak, adui mkuu, anaingia katika benki ya damu mjini Prague kama mtu anayekuja kuuza damu. Wahudumu wanampima, kisha inabainika kwamba wao ni vampaya na benki ni mtego. Baadaye yafahamika kwamba Wavunaji hawakuzuka wenyewe: walitengenezwa kwa utaalamu wa maabara kwa amri ya Damaskinos, mkuu wa vampaya, ambaye Nomak ni mwanawe. Yumo pia mwanasheria anayemtumikia bwana huyo. Blade mwenyewe huidhibiti kiu yake kwa dawa.

Benki ya damu, sindano, maabara, mwanasheria, bwana asiyeonekana: viungo vyote ni vya kisa cha mumiani. Mtazamaji wa Mtendeni anayesema kwamba *ya pili inatisha zaidi kwa sababu mambo hayo yapo* atakuwa ametoa maoni ambayo mhakiki wa Marekani hawezi kuyatoa, tena maoni yenye mantiki. Ameona kwamba filamu imeacha maiti yenye njaa na kugusa biashara ya damu. Kumcheka kuwa hajui kutofautisha filamu na maisha ni kukosa kuuelewa usomaji wake.

6.0 Gharama ya tafsiri

Filamu nyingi za kigeni zimewafikia watazamaji wa Tanzania kupitia wafasiri wanaosimulia kwa Kiswahili juu ya sauti ya asili, miongoni mwao Lufufu, aliyepata umaarufu mkubwa. Mfasiri wa namna hii lazima achague jina papo hapo. Anayo njia tatu: *vampaya*, *mumiani* na *mnyonya damu*.

Msimamo wa wapendao Kiswahili safi ungekuwa kuchagua *mnyonya damu*. Neno hilo linaeleweka kwa kila msikilizaji na limeundwa kwa kanuni za Kibantu. Hoja hiyo ina nguvu, lakini uwazi huo ndio tatizo lake. *Mnyonya damu* ni nomino ya mtenda: kiambishi *m-*, kitenzi, na yambwa. Muundo huo ndio unaotupa *mzima moto*, *mchimba kisima* na *mpima udongo*. Kiswahili huutumia sana kutaja watu kwa kazi zao. Anayeitwa *mnyonya damu* anawekwa, kwa nguvu ya umbo la neno lenyewe, katika orodha ya watu wanaofika kijijini na vyombo vyao kufanya kazi fulani.

Hili si suala la nadharia tu. Mwaka 1959 huko Buguruni, Dar es Salaam, uvumi wa mumiani ulizaa ghasia zilizomwua askari polisi. Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, mkoa wa Dodoma, watafiti wawili wa kituo cha Selian cha Arusha na dereva wao waliuawa na gari lao kuchomwa moto. Walikuwa wamekwenda kwa utafiti wa udongo. Waliitwa wanyonya damu. Oktoba 2017 Umoja wa Mataifa uliwahamisha watumishi wake kutoka wilaya mbili za kusini mwa Malawi baada ya watu kuuawa kwa tuhuma ya namna hiyohiyo.

Makala hii haidai kwamba filamu ilisababisha mauaji hayo. Uvumi wa mumiani umeitangulia sinema ya vampaya katika Afrika Mashariki, na hauhitaji msaada wake. Kinachodaiwa ni kidogo zaidi, lakini chafaa kuzingatiwa: neno linaloweza kumwua mtafiti wa udongo halipaswi kutumiwa kama pambo la picha ya Jumamosi, maana kila matumizi yake huliweka tayari mdomoni.

*Vampaya*, kwa upande wake, halina muundo wa ndani unaoonekana kwa msemaji wa Kiswahili. Lina umbo la nomino za ngeli ya N-, lakini huchukua upatanisho wa viumbe hai: *vampaya amekufa, vampaya wamekufa*. Halitaji kazi. Halimwelekezi msikilizaji kwa jirani wala kwa mgeni. Ugeni wake, ambao kwa kawaida huhesabiwa kuwa kasoro, hapa ni alama inayosema *kwenye picha* bila msemaji kulazimika kuitamka.

7.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba maoni ya watazamaji kuhusu Blade II yana mizani miwili, kwamba sarufi ya *hu-* haitenganishi kanuni ya filamu na kanuni ya maisha, na kwamba kazi hiyo huiangukia nomino. Yafuatayo yanapendekezwa. Kwanza, wanaotunga kamusi waliingize *vampaya* kama neno la fani ya filamu na fasihi, bila kulifasili kwa *mumiani*. Pili, *mumiani* lipewe maelezo ya kihistoria yanayoonyesha safari yake kutoka dawa hadi mtu. Tatu, wanafunzi wa uzamili wanaochunguza mapokezi ya filamu wasiishie kuuliza kama mtazamaji ameipenda picha, bali wasikilize ni jina gani amelitumia. Atakayesema *vampaya* anahukumu hadithi. Atakayesema *mumiani* huenda anazungumzia jambo analoliogopa akirudi nyumbani usiku, na mchunguzi anapaswa kumsikiliza kwa namna tofauti.