Udarizi wa Kuhesabu: Zana Zifuate Mwili

Maradhi ya muda mrefu humwachia mgonjwa saa nyingi zisizo na kazi: saa za foleni ya kliniki, za kitandani baada ya upasuaji, za jioni ambazo mwili umechoka lakini akili ingali macho. Miongoni mwa mambo yanayoweza kuzijaza saa hizo bila gharama kubwa ni udarizi wa kuhesabu. Katika udarizi huu mshonaji hachori ua juu ya kitambaa. Huhesabu vitundu vya kitambaa kwa kufuata chati yenye miraba, na kwa kila mraba wenye rangi hupiga mishono miwili inayokatizana kama herufi X.

Kazi ya namna hii si ngeni kwetu. Washonaji wa kofia wa Lamu na Unguja wamezoea tangu zamani kuijaza nguo kitundu baada ya kitundu. Wapalestina huuita udarizi wao tatreez, neno lenye asili moja na tarizi yetu. Hutumia sana mshono huu wa msalaba, na mwaka 2021 UNESCO iliuingiza udarizi huo katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Hospitalini nako sindano ya udarizi ina historia. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wanajeshi 133 waliojeruhiwa, kutoka Uingereza, Australia, Kanada na Afrika Kusini, walidarizi vazi la altare la Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, London. Vazi hilo lilitumika katika ibada ya shukrani mwaka 1919.

Hata hivyo, linaloamua kama udarizi utakuwa burudani au adha ni zana. Wanaoanza wengi huchagua zana kwa kuvutiwa na picha. Mgonjwa hana budi kuanza na mwili wake: macho, vidole na, kama tutakavyoona, miguu.

Kitambaa na macho

Kitambaa kinachomfaa anayeanza ni aida, pamba iliyofumwa kwa miraba inayoonekana wazi, yenye vitundu pembeni. Hutajwa kwa idadi ya miraba katika inchi moja: 11, 14, 16 au 18. Kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo mraba unavyokuwa mdogo. Katika aida ya 11 mraba una upana wa milimita 2.3 hivi, katika aida ya 18 ni milimita 1.4 tu. Wengi huanza na 14, lakini mwenye uoni hafifu aanze na 11 bila haya yoyote.

Ukubwa wa picha hupatikana kwa kugawanya idadi ya mishono kwa namba ya kitambaa. Ua lenye mishono 70 kwa 42 litakuwa inchi 5 kwa 3 katika aida ya 14. Katika aida ya 11 ua lilelile litafikia takriban inchi 6.4 kwa 3.8. Ongeza inchi 3 kila upande kwa ajili ya fremu na pindo.

Kuanzia umri wa miaka 40 hivi, lenzi ya jicho hupoteza wepesi wa kuona vitu vya karibu. Si ajabu basi mtu aliyeshona maisha yake yote akaanza kusogeza kitambaa mbali, akakosa tundu la sindano, mwisho akaiweka kazi kando akidhani uzee umemshinda. Mara nyingi anachohitaji ni miwani ya kusomea. Lakini apimwe kwanza, kwa kuwa mtoto wa jicho, presha ya jicho na madhara ya kisukari machoni hayatibiwi kwa miwani ya dukani. Kwa maana hiyo, kushindwa kuhesabu miraba iliyokuwa ikihesabika mwaka jana ni habari ya kumpelekea daktari.

Mwanga nao ni zana. Kaa karibu na dirisha, na kama unashona kwa mkono wa kulia, mwanga utokee kushoto ili kivuli cha mkono kisiangukie kazi. Kila baada ya dakika 20, yainue macho utazame mbali kwa muda.

Sindano, uzi na vidole

Udarizi huu hutumia sindano butu yenye tundu refu. Ncha yake haichomi kitambaa. Hupita katika vitundu vilivyopo. Sindano namba 24 huifaa aida ya 14, namba 22 huifaa aida ya 11, na namba 26 ile ya 18. Hapa pia namba kubwa ni sindano nyembamba. Mwenye vidole vilivyokakamaa kwa baridi yabisi atanufaika na sindano nene, aida ya 11 na subana ya kulinda kidole kinachosukuma.

Uzi wa udarizi ni wa pamba, na huwa na nyuzi sita zilizolazwa pamoja. Hazitumiki zote kwa mara moja: tatu zatosha kwa aida ya 11, mbili kwa aida ya 14, na moja au mbili kwa aida ya 18. Kata urefu wa sentimita 45 hivi. Uzi mrefu kuliko huo hujifunga mafundo, na kila fundo ni kazi ya ziada kwa kifundo cha mkono chenye maumivu. Usipige fundo unapoanza. Acha mkia mfupi nyuma ya kitambaa na uubane kwa mishono ya mwanzo. Ili kazi ing'ae sawasawa, mishono yote ya juu ielekee upande mmoja.

Fremu ya mviringo hukikaza kitambaa, lakini kuishika kwa muda mrefu huchosha kidole gumba. Anayeumwa mikono atumie fremu yenye kigingi cha kusimamia mezani, au ashone bila fremu. Ganzi vidoleni, hasa inayomwamsha mtu usiku, isivumiliwe kwa hoja kwamba ni uchovu wa kushona, yafaa ichunguzwe.

Sindano iliyoanguka

Hatari kubwa ya kazi hii haipo mkononi, ipo sakafuni. Mgonjwa wa kisukari ambaye neva za miguu zimeharibika anaweza kukanyaga sindano asihisi chochote, akatembea nayo, na kugundua kidonda pale tu usaha unapotoka. Kidonda cha namna hiyo kinaweza kumgharimu mguu. Kwa hiyo nyumba yenye mgonjwa wa kisukari iwe na kanuni tatu: sindano zihesabiwe kabla na baada ya kazi; zikae katika mto wa pini au kikopo chenye mfuniko; na mgonjwa asitembee peku, wala asiache kuikagua miguu yake kila siku.

Wengine huokota sindano kwa sumaku ndogo. Zana hii ni nzuri, ila mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asiiweke kifuani wala mfukoni mwa shati. Aiweke umbali usiopungua sentimita 15 kutoka kifaa kilipo.

Kwa wahudumu wa afya

Mhudumu anayeruhusu udarizi wodini azingatie mambo manne. Kila mgonjwa awe na sindano yake, na iliyomchoma mtu itupwe katika kisanduku cha vitu vyenye ncha kali. Mkasi ukae kwa mhudumu palipo na mgonjwa anayehofiwa kujidhuru. Anayesafishwa damu kwa mashine auache mkono wenye sindano za mashine utulie. Kushona kungoje mpaka atoke. Na kazi isigeuzwe kuwa amri, kwa kuwa burudani iliyoagizwa kama dozi hupoteza ladha yake.

Udarizi hauondoi haja ya dawa wala ya mazoezi ya viungo. Unachompa mgonjwa ni kitu alichokimaliza mwenyewe katika kipindi ambacho mambo mengi ya mwili wake huamuliwa na wengine. Humpa mhudumu pia swali jepesi la kuulizia hali: “Kazi yako imefika wapi, mama?” Jibu lake laweza kuwa na habari za macho, za vidole, za usingizi na za moyo uliokata tamaa. Mhudumu na aulize, kisha aitazame kazi yenyewe. Mishono iliyokuwa imenyooka na sasa imepinda inastahili kuandikwa katika faili.