Chungio la Muhindi si Chungio la Mutama

Ninyi walimaji munaopeleka magunia Likasi na Kolwezi, munajua namna munuzi anavyofanya. Anatia mukono ndani ya gunia, anatoa muchanga na vipande vya magunzi, kisha anakata bei ya gunia zima. Basi tusafishe muhindi wetu sisi wenyewe mbele ya kuufunga.

Upepo unatenga kilicho chepesi na kilicho kizito. Chungio linatenga kikubwa na kidogo. Jiwe lenye ukubwa wa haragi halitatoka kwa chungio hata muchunge kutwa. Hiyo ni kazi ya macho na vidole.

Machungio yanatakiwa mawili. La juu liwe na matundu makubwa, mbegu ipite, magunzi yabaki. La chini liwe na matundu madogo, mbegu ibaki, muchanga na mbegu zilizovunjika zianguke. Hata mashini kubwa zinazovuna na kupura pamoja zina machungio ya namna hii, na upepo unaovuma kati yake. Kwa muhindi, tundu la juu ni milimetri 12 ao 13, la chini ni 4 na nusu. Kwa mutama, tundu la chini lisipite 2. Mimi nilikosa hapo: nilimwazima muzee mumoja chungio langu la muhindi, naye akachungia mutama. Mutama ulianguka pamoja na vumbi, kuku wakashiba, na muzee hakuniita shambani kwake tena mwaka ule.

Bati la debe linafaa. Toboeni kwa musumari toka upande wa juu, meno ya bati yaelekee chini, yasikwaruze mbegu.

Sasa habari ya maji. Muhindi mubichi umevimba, makapi yananata, matundu yanaziba. Mutu akisukuma kwa kiganja, mbegu zinavunjika, na katika mbegu iliyovunjika ukungu na vidudu vinaingia upesi. Musipanue matundu, anikeni kwanza. Kwa kupima, tieni chumvi kavu ndani ya chupa kavu pamoja na muhindi, mutikise sana, muache robo ya saa. Chumvi ikishika kioo, muhindi ungali na maji, urudi juani. Isiposhika, chungeni. Tena anikeni juu ya mukeka, maana ukianikwa chini, muchanga ule ule unarudi.