Husuni ya Bahla katika Nchi ya Omani

Msafiri atokaye Maskati akashika njia ya bara huiacha bahari nyuma yake, akapanda taratibu baina ya majabali yasiyoota hata jani, na baada ya mwendo wa kilomita zipatazo mia mbili, akiisha kuupita mji wa Nizwa, huuona uwanda uliojaa mitende, na kati ya mitende hiyo kilima, na juu ya kilima husuni kubwa ya udongo, ambayo rangi yake ni ile ile ya ardhi, hata mtu aliye mbali asijue kilima chaishia wapi na ukuta waanzia wapi. Mahali hapo ndipo Bahla.

Sisi wa Ndanda, Masasi na Newala twaijua Omani kwa watu wake kuliko kwa ardhi yake. Wazee wetu waliwazoea Wamanga wenye maduka madogo ya vitambaa na chumvi, lakini ni wachache waliopata kuwauliza kwao kukoje. Basi kwao ni nchi yenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 309,500, yaani thuluthi moja hivi ya Tanzania, na sehemu yake iliyo kubwa ni jangwa. Mvua ni haba, mito ya kudumu hakuna, na uti wa mgongo wa nchi ni milima ya Hajar, ambayo kilele chake, Jabali Shamsi, hufika mita elfu tatu au karibu yake.

Watu wataishije katika nchi kama hiyo? Huishi kwa falaji. Huchimbwa kisima kirefu penye miguu ya milima, mahali maji yalipojificha, kisha kutoka kisima hicho hupasuliwa mfereji chini ya ardhi, wenye mwinamo mdogo mno, pungufu ya mwinamo wa bonde lenyewe, na juu yake hutobolewa matundu ya kupitishia hewa na kutolea kifusi, hata maji yatokeze yenyewe penye makazi ya watu. Hapo huanza utaratibu wake: mwanzo penye maji ya kunywa, kisha ya kutawadha na kuoga, na mwisho mashambani, ambako kila mwenye mitende ana haki yake ya maji kwa saa zilizopimwa, zamani kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku. Falaji zipatazo elfu tatu zatiririka hata leo, na mwaka 2006 tano kati yake ziliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia.

Mtu wa Newala haja ya kufafanuliwa zaidi hana. Anajua jinsi uwanda wa juu wa Makonde, pamoja na rutuba yake yote, ulivyonyimwa maji, na jinsi kina mama walivyoshuka genge na kulipanda tena na mitungi kichwani, hali sisi wa Ndanda, tulio chini ya mteremko, twazipata chemchemi bila ya jasho. Kwa hiyo akiambiwa kwamba nguvu ya husuni ya Bahla haikuwa katika unene wa kuta zake bali katika falaji iliyopita chini yake, hatastaajabu; maana mwenye kuushika mfereji ndiye aliyeushika mji, na adui aliyeziba maji hakuwa na haja ya kuupanda ukuta.

Misingi ya husuni hiyo husemwa kuwa ilitangulia dini ya Kiislamu, lakini utukufu wake ni wa zama za maliki wa Kinabahani, waliotawala Omani ya ndani tangu katikati ya karne ya 12 na kuufanya Bahla kuwa makao yao makuu. Chini ni mawe, juu ni matofali mabichi ya udongo uliofinyangwa na makapi na kukaushwa juani. Ukikaribia ukuta waona makapi yenyewe yamejitokeza. Upande mmoja ipo Kasaba, sehemu kongwe kuliko zote, na upande mwingine Baitul Jabali, iliyojengwa karne ya 18. Jirani upo msikiti wa Ijumaa, ambao mihrabu yake ya nakshi ina tarehe ya mwaka 1511. Na si ngome peke yake iliyozungushiwa ukuta. Mji mzima, pamoja na mashamba yake, umezingirwa na ukuta wa udongo upatao kilomita kumi na mbili, kwa kuwa waliojenga walijua kuwa mtende uliokatwa na adui ni msiba kama mtu aliyeuawa.

Katika ngome za nchi hiyo hukutwa chumba kidogo cha giza, chenye sakafu ya vifereji, ambapo magunia ya tende yalipangwa moja juu ya jingine hata asali yake ikajichuja kwa uzito na kutiririkia mtungini. Ilikuwa chakula wakati wa amani. Wakati wa vita ilichemshwa na kumwagwa kutoka tundu lililo juu ya mlango, ikamwangukia adui.

Bahla una sifa mbili miongoni mwa Waomani wenyewe: ufinyanzi, ambao wangali wanaufanya, na uchawi. Husimuliwa kwamba ule ukuta mrefu ulijengwa na majini kwa usiku mmoja. Sisi watu wa kusini, ambao nasi hutupiwa maneno ya namna hiyo na wenzetu wa Dar es Salaam, hatuna budi kuyapokea kwa tabasamu.

Jambo linaloifanya husuni hii isiwe ngeni kwetu hata kidogo ni jina la Nabahani. Khabari za Pate husimulia kwamba katika mwaka 600 wa hijria, ndio 1203 au 1204 ya miladi, Suleiman bin Suleiman wa ukoo huo, baada ya kupoteza ufalme kwao, alifika Pate akaoa binti wa mtawala wa hapo, na kizazi chake kikarithi kiti. Wataalamu wengi wa leo huiona tarehe hiyo kuwa ya mapema mno, na mimi nawaunga mkono. Ila kwamba masultani wa Pate walijiita Wanabahani ni yakini, na ni katika dola yao ulipoandikwa Utendi wa Tambuka, mwaka 1728. Mwisho wao ulikuwa Witu, ambako Sultani Ahmad, aliyeitwa Simba, alijiweka chini ya himaya ya Wadachi mwaka 1885.

Huko Omani dola yao ilikwisha mapema zaidi. Mwaka 1624 alichaguliwa Imamu Nasir bin Murshid wa ukoo wa Yaaruba, akaziunganisha kabila na kuziteka husuni moja moja. Mrithi wake aliwatoa Wareno Maskati mwaka 1650. Mwaka 1698 bendera ya Omani ilipandishwa Ngome ya Yesu, Mombasa. Na kwa njia hiyo hiyo, chini ya Mabusaidi waliofuata, mkono wa Omani ulifika Kilwa, Lindi na Mikindani, na misafara ya pembe na watumwa ikapita katika mabonde yetu. Hesabu hiyo haisahauliki, wala haipasi kusahauliwa kwa sababu ya uzuri wa jengo. Bahla ulibaki nyuma. Imamu Bil'arab bin Sultan alijijengea kasri yake Jabrin, si mbali na hapo, yenye dari za rangi ambazo bado hutazamwa kwa mshangao.

Jengo la matofali mabichi lina adui mmoja asiyeshindwa, nayo ni mvua, hata katika nchi ya mvua haba. Husuni iliandikwa urithi wa dunia mwaka 1987, na mwaka uliofuata ikatiwa katika orodha ya zilizo hatarini, kwa kuwa kila masika ilipomoka. Matengenezo ya awali yalitumia vifaa visivyopatana na udongo, hata mafundi wakarudi kwenye ujenzi wa asili. Mwaka 2004 ikatolewa katika orodha ya hatari, na 2012 milango ikafunguliwa kwa wageni. Wapo wanaolalamika kuwa sasa imekuwa laini na mpya kupita kiasi. Kwa rai yangu lalamiko hilo ni dogo, kwani ukuta wa udongo usiopakwa upya hauwi mkongwe, huwa kifusi.

Msomaji wetu atakayejaaliwa kufika Maskati, kwa biashara au kwa ziara, asiishie sokoni Matrah. Na afunge safari ya Bahla. Wala asiihofie lugha, kwa maana wengi waliotoka Unguja baada ya mwaka 1964 wamekaa Omani tangu miaka ya sabini, na Kiswahili husikika Maskati, Nizwa na miji mingine ya bara.