Kiuno Kikikamata: Je, Sindano za Kichina Zinafaa?

Mji wetu wa Tabora ulikua kwa migongo ya watu. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo, mzigo wa kilo 30 hivi kwa kila mtu, safari ya miezi karibu mitatu kwa miguu. Misafara ile imekwisha, lakini mizigo ingalipo: ndoo ya maji, gunia la mkaa, robota la tumbaku. Ndiyo maana hatuishi kupokea watu walioinama kidogo tu, wakashindwa kuinuka.

Wengi hutuuliza, “Sista, niende kwenye sindano za Kichina?” Swali hilo si geni hapa. Tangu mwaka 1968 madaktari kutoka jimbo la Shandong, China, wamekuwa wakija kwa zamu kufanya kazi Tanzania Bara, na Tabora ilikuwa miongoni mwa vituo vyao.

Tiba hiyo huitwa akupancha. Sindano zake ni nyembamba sana, tena hazina dawa ndani. Si kama kuumikwa chuku, maana hapa damu haitolewi. Mtaalamu huzichoma sehemu maalumu, kama kiunoni au nyuma ya goti, akaziacha kwa dakika 20 hivi. Inaaminika kwamba mchomo huo huamsha mishipa ya fahamu, na mwili hutoa vitulizo vyake wenyewe.

Je, zinaponya? Tuseme kweli. Maumivu ya ghafla yatokanayo na misuli mara nyingi hupungua yenyewe katika wiki chache. Mwaka 2017 chama cha madaktari cha Marekani, American College of Physicians, kiliitaja akupancha miongoni mwa njia za kuanzia, pamoja na joto na kuchua, ingawa kilikiri kuwa ushahidi wake ni hafifu. Mwaka 2016 taasisi ya NICE ya Uingereza ilishauri isitumike kwa maumivu ya kiuno. Basi sindano huenda ikatuliza, lakini haiondoi ugonjwa uliojificha.

Tunamkumbuka baba mmoja, mfugaji, aliyechomwa sindano mnadani kwa miezi miwili. Alipofika kwetu alikuwa amekonda, anatoka jasho usiku, na miguu imelegea. Kumbe ni kifua kikuu cha uti wa mgongo. Dawa zilimtibu, lakini mpaka leo anatembea kwa fimbo. Laiti angepimwa kwanza!

Nenda hospitali upesi ukiona dalili hizi:

- mkojo kuzuia, au mkojo na choo kutoka bila kujua;
- ganzi sehemu za siri, au miguu kukosa nguvu;
- homa, kukonda au jasho la usiku;
- maumivu baada ya kuanguka au ajali;
- maumivu yanayozidi wiki sita.

Mama mjamzito naye asingoje.

Kama dalili hizo hazipo, usilale kitandani siku nzima. Tembea kidogo kidogo. Kanda kiuno kwa kitambaa cha maji ya moto yasiyounguza. Ibuprofeni husaidia, ila mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo asiinywe bila kuuliza, wala mjamzito. Unapoinua mzigo, kunja magoti, uushike karibu na mwili. Ukiwa mzito, ugawe.

Na ukiamua kuchomwa, uchomwe na mtaalamu aliyesomea kazi hiyo na kusajiliwa. Hakikisha sindano ni mpya, pakiti inafunguliwa mbele ya macho yako, na ikishatumika inatupwa. Sindano iliyotumika kwa mwingine yaweza kukuletea virusi vya UKIMWI au homa ya ini. Mwambie pia kama una mimba au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Ndugu zetu, pimeni kwanza, sindano baadaye. Wapagazi wa zamani hawakuwa na pa kuuliza, sisi tunapo.