Soko la San Miguel: Jengo la Chuma na Vionjo vya Madrid

Soko la San Miguel, lililoko hatua chache tu magharibi ya uwanja mkuu wa kale uitwao Plaza Mayor jijini Madrid, hutajwa mara kwa mara kuwa kielelezo cha soko la vyakula teule, yaani soko ambalo mtu haendi kutafuta unga na vitunguu vya juma zima, bali huenda kuonja kidogo kidogo vyakula vilivyochaguliwa kwa ubora wake. Sifa hiyo, hata hivyo, ni ya juzijuzi. Kwa sehemu kubwa ya historia yake San Miguel lilikuwa soko la mtaa lenye wauza samaki, nyama na mboga, na anayelizuru leo hulielewa vyema zaidi akijua jinsi lilivyonusurika.

Mahali lilipo palikuwa na kanisa la parokia la San Miguel de los Octoes, ambamo Lope de Vega, mtunzi mashuhuri wa tamthilia, alibatizwa mwaka 1562. Kanisa hilo liliathiriwa na moto ulioteketeza sehemu ya Plaza Mayor mwaka 1790, kisha likabomolewa mwaka 1809 chini ya utawala wa Joseph Bonaparte, kaka yake Napoleon, ambaye alivunja makanisa na nyumba za watawa nyingi kiasi kwamba wakazi wa Madrid walimbandika jina la utani la mfalme wa viwanja. Uwanja ulioachwa wazi ukajaa wachuuzi, nao waliuza bidhaa zao hapo juani na mvuani kwa miaka mingi kabla ya wakuu wa jiji kuona haja ya kuwajengea paa.

Mtindo uliofuatwa ulitoka Paris, ambako msanifu Victor Baltard alikuwa amejenga masoko makuu ya Les Halles kwa chuma katika miaka ya 1850. Chuma kilipendwa kwa sababu nguzo zake nyembamba huweza kubeba paa pana, hivyo hewa na mwanga hupita kwa urahisi, jambo lisilo dogo mahali panapouzwa samaki. Madrid ilifungua masoko mawili makubwa ya namna hiyo mwaka 1875, la La Cebada na la Los Mostenses, na San Miguel lilikuja baadaye, likisanifiwa na Alfonso Dubé y Díez na kufunguliwa tarehe 13 Mei 1916, baada ya ujenzi uliogawanywa katika awamu mbili ili biashara isisimame. Waliotangulia hawakudumu: Los Mostenses lilibomolewa mwaka 1925 kupisha barabara kuu ya Gran Vía, La Cebada la chuma likabomolewa mwaka 1956, na hata Les Halles yenyewe ikavunjwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. San Miguel lilibaki, lakini kubaki kwa jengo si sawa na kubaki kwa wateja, kwani kadiri wakazi walivyohama katikati ya jiji na maduka makubwa ya kujihudumia yalivyoenea, vibanda vilifungwa kimoja baada ya kingine. Ilibidi wawekezaji binafsi walinunue, walikarabati na kulifungua upya mwezi Mei 2009, safari hii kama soko la kuonjea.

Miongoni mwa vinavyouzwa humo, chenye adabu zake nyingi zaidi ni paja la nguruwe lililokaushwa, ambalo Wahispania huliita jamón. Aina inayothaminiwa kuliko zote hutokana na nguruwe wa asili ya Iberia, ambao wakati wa majira ya kupukutika kwa majani na ya baridi huachwa wazurure katika malisho yenye mialoni wakila matunda yake yaliyoanguka, na mafuta ya matunda hayo ndiyo huipa nyama ladha inayokaribia ya njugu. Paja hufukiwa kwenye chumvi, huoshwa, kisha huning'inizwa kwa miaka miwili, mitatu au zaidi. Tangu mwaka 2014 sheria ya Hispania inataka kila paja la Iberia livishwe kitambulisho cha rangi: cheusi kwa nguruwe wa asili halisi aliyenoneshwa kwa matunda ya mwaloni, chekundu kwa chotara aliyelishwa vivyo hivyo, kijani kwa aliyelishwa nafaka na majani malishoni, na cheupe kwa aliyefugwa zizini. Mgeni akikumbuka rangi hizo nne ataelewa kwa nini sahani mbili zinazofanana machoni zinatofautiana mno kwa bei.

Msomaji asiyekula nguruwe wala kunywa mvinyo hatakosa cha kuonja. Kuna zeituni za kila namna. Kuna jibini la Manchego, litokanalo na maziwa ya kondoo wa La Mancha. Na kuna gilda, kijiti kinachotunga zeituni, pilipili ya siki na samaki mdogo wa chumvi. Kuna pia bacalao, samaki wa bahari za kaskazini aliyekaushwa kwa chumvi, ambaye sharti alowekwe kwa siku moja au mbili huku maji yakibadilishwa, kama ng'onda wa Pwani ya Afrika Mashariki. Wingi wa samaki katika jiji lililo zaidi ya kilomita 300 kutoka baharini huwashangaza wengi, lakini zamani wachukuzi wa nyumbu waliwaleta kutoka Galicia, na siku hizi soko la jumla la Mercamadrid hupokea samaki wa bahari na maziwa ya mbali. Kwa miaka mingi Hispania imekuwa miongoni mwa wanunuzi wa minofu ya sangara wa Ziwa Victoria, ingawa samaki huyo hutafutwa zaidi katika masoko ya kawaida kuliko chini ya taa za San Miguel.

Desturi ya kula humo ni ya kusimama: mtu hununua kipande kimoja kibanda hiki, hulipa papo hapo, husogea hadi kibanda kingine, na hugombania nafasi ya kuegemeza kiwiko kwenye meza za katikati. Asubuhi kuna nafasi. Jioni za mwisho wa juma hata kugeuka ni kazi. Bei ni za watalii, na malalamiko ya wenyeji juu ya hilo yana haki, ijapokuwa bila bei hizo huenda chuma cha Dubé kingekuwa kimekwishauzwa chakavu.

Anayetaka kuona Madrid ikinunua mahitaji yake atembee kwa dakika kumi hivi kuelekea kusini hadi La Cebada, soko la zege lililochukua nafasi ya lile lililobomolewa. Humo akina mama bado huburuta vikapu vya magurudumu kwa mchinjaji wao wa siku zote, na Jumamosi mchana baadhi ya wauza samaki huwaandalia wateja kamba na kome wawale papo hapo, kando ya mizani.