Kamba, mupira, kikwembe: siku tunapomfunga mgonjwa wetu

Katika nyumba nyingi za Katuba, Kenya na Ruashi, ndugu akichanganyikiwa na kuanza kurusha viti, mkono wa kwanza unaenda kwenye kamba. Hatusemi hivyo kwa kulaumu. Ni usiku, watoto wanalia, moto wa umeme umekatika, na ndugu ana nguvu za watu wanne. Tunakamata kilicho karibu: nailoni ya kuanikia nguo, mupira wa kufungia makala kwenye kinga, kikwembe, mara nyingine mnyororo na kufuli.

Bamama, tulianza kuulizana mambo haya siku mwanafunzi wetu mmoja aliporudi darasani baada ya siku mbili katika nyumba ya maombi. Mkono wake wa kuume ulikuwa unaning'inia, hawezi kuuinua. Chaki ilimwanguka. Walimfunga kwa nailoni juu ya kiwiko. Mshipa wa fahamu unaoinua kiganja unazunguka mfupa wa mkono pale pale, na kamba nyembamba inaweka nguvu yote kwenye mstari mmoja. Ilipita miezi mitatu mpaka vidole vikaanza kuinuka.

Nailoni ina ubaya mwingine: inateleza. Mgonjwa akivuta, fundo linakaza, wala halifunguki kwa vidole. Kamba ya katani haitelezi sana, lakini inachubua ngozi, na kidonda cha kifundoni kinaingia uchafu upesi. Waya tusiutaje hata kidogo.

Mupira ndio unaotudanganya zaidi, kwa sababu ni laini. Wanaobeba makala wanaupenda kwa kuwa hauachi kubana hata gunia likitikisika. Mkononi mwa mtu unafanya vilevile. Mkono unavimba, mupira unabana zaidi, damu hairudi. Nyama ya mwili ikikosa damu kwa saa kama sita inaanza kufa.

Basi kikwembe? Ni afadhali, kikikunjwa kipana kama kiganja. Lakini mgonjwa akikivuta kinajisokota na kuwa kamba, na kikilowa jasho fundo linakuwa jiwe. Hata hospitalini, wanakotumia mikanda mipana yenye pamba ndani, hawamwachi mgonjwa peke yake. Mnyororo hauvutiki, ni kweli, lakini nyumba ikishika moto, ufunguo uko kwa nani?

Kama hakuna njia nyingine mpaka gari lifike, vidole viwili vipite kati ya kitambaa na ngozi. Kila robo saa tutazame kucha: zikiwa za buluu, vidole vikiwa baridi, au mgonjwa akisema havisikii, tufungue. Makasi yawe karibu. Shingoni kamwe, kifuani kamwe. Na tusimlaze kifudifudi wala kumkalia mgongoni, maana hivyo ndivyo mtu anavyokata pumzi mbele ya ndugu zake wote. Aliyepigana na kamba usiku kucha akikojoa mkojo mweusi kama kahawa, figo ziko hatarini; akimbizwe hospitali.

Mwenye kifafa hafungwi hata kidogo. Tumgeuze ubavu, tusimtie kijiko mdomoni, tuhesabu dakika. Zikipita tano, hospitali.

Tena tupime homa. Mtu aliyekuwa mzima juzi, leo anapayuka na mwili unachoma, huenda ni malaria iliyopanda kichwani. Huyo anahitaji sindano leo, si kesho. Kila saa anayokaa amefungwa huku tukitafuta nani kamfanyia bulozi ni saa ya dawa iliyopotea.

Hapa Lubumbashi tuna kituo cha wagonjwa wa akili cha Mafrere wa Charité, kinachoitwa Joseph Guislain. Wengi wetu tunalijua jina, mwenyewe hatumjui. Guislain alikuwa dokta wa Gent, Ubelgiji. Mwaka 1815, katika mji huo, padri Triest, mwanzilishi wa mafrere hao, aliwatoa wagonjwa katika minyororo ya ngome ya zamani. Mwaka 1828 Guislain akawa dokta wao. Kwa hiyo si Afrika peke yake iliyofunga wagonjwa wake. Mwaka 2020 Human Rights Watch walihesabu nchi kama 60 ambako jambo hilo lingali linafanyika.

Kuna dada mmoja katika chama chetu ambaye ugonjwa humrudia. Akiwa mzima, yeye mwenyewe alikaa na yaya wake wakapatana: akikosa usingizi siku mbili, apelekwe kwa dokta kabla hajaanza kupiga kelele. Ikilazimu kumshika, wamshike kwa mikono, au kwa kikwembe chake cha kijani tu, naye yaya akae pembeni. Wasimpeleke mahali penye minyororo, hata pasta akiomba. Akigonga kitanda mara tatu, wafungue. Waliandika, wote wawili wakatia sahihi. Karatasi iko kabatini, pamoja na makasi.